Tezi Nne Safi

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu nyingi kutoka Mji wa Kale. Huku tu wazima, ingawa siku hizi nyumba nzima ni mimi na paka. Waniuliza vipi saratani ya utumbo ilimrudia Bibi yako, ilhali majibu yalikuwa mazuri.

Ujanani nikifanya kazi maabara, nilipewa utumbo uliokatwa kwa mgonjwa wa saratani, nitafute tezi ndani ya mafuta yake, vile vijipunje ambavyo saratani hupitia kwanza ikisambaa. Nikapata nne, zikapimwa, zote safi. Mkubwa wangu akasema, "Papasa tena, kama achaguaye mchele." Nikapata nyingine tano; ya tisa ilikuwa na ugonjwa.

Baada ya upasuaji, daktari alipotwambia tezi za Bibi yako ni safi, swali lilinijia mdomoni: mmetazama ngapi? Lakini Bibi alikuwa ameshanishika mkono, anacheka. Nikalimeza. Jibu lake silijui hadi leo.

Babu yako