Bolti Mbili za Juu Hazijashika

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana tangu wiki iliyopita chakula hakinishuki, na nikisikia gari linapunguza mwendo nje ya gereji naacha kazi nikachungulie ni nani.

Mimi ni fundi wa magari, mwanamke, na usishangae, wengi wananiuliza fundi yuko wapi wakati nimesimama mbele yao na spana mkononi. Kazi nimefundishwa na baba mkwe wangu. Mume wangu hapendi grisi kabisa, yeye ni fundi cherehani, basi mzee alipoona mimi ndiye ninayemfuata uvunguni mwa magari na maswali yangu akaanza kunifundisha, mwaka wa kwanza kuosha vyuma tu, wa pili kumshikia tochi, mpaka mwaka jana akaniachia gereji yote na sanduku lake la spana, akatangaza mbele ya watu kwamba huyu ndiye fundi sasa, mimi napumzika. Lakini hapumziki. Kila siku anakuja, anakaa kwenye kiti cha gari tulichokiegemeza ukutani, na kazi ikikaribia kuisha anainuka, anakunja mikono ya shati na kukaza bolti za mwisho yeye mwenyewe, na wateja wanapenda, wanasema gari lililokazwa na mzee halirudi, na mimi nilikuwa napenda pia, nisiseme uongo.

Sasa kuna mkunga mmoja hapa mtaani, mama mtu mzima, ana gari dogo la zamani ndilo analozungukia kwa kina mama wanaokaribia kujifungua, hata ule mlima wa machimbo ya kokoto anaupanda nalo. Giaboksi ikamfia. Akatafuta nyingine iliyotumika, akatuletea, tukaiinua mimi na mzee, ikakaa vizuri kwenye injini, nikaanza bolti za chini kwa vidole kama alivyonifundisha mwenyewe, kwamba unaizungusha kwa vidole mpaka usikie imeshika njia yake, ndipo unachukua spana. Akasema za juu nimwachie. Nikamwachia. Nikaona anaweka bolti, anazungusha kidogo tu, mara anachukua spana, na ile spana ikatoa mlio wa chuma kinachotafuna chuma, nikajua bolti imeingia upande. Ya pili hivyo hivyo. Nikamuuliza kama nimsogezee tochi. Akasema, "Imeshika hiyo." Nami nikajibu, "Ndiyo, baba."

Ungekuwa wewe ungesemaje, mshauri? Mkunga alikuwa amesimama pale pale na mkoba wake, anamshukuru mzee kabla hata hatujashusha jeki. Mzee alipokwenda kunawa nikazijaribu zile bolti, zinazunguka tu kama kifuniko cha chupa kilichokufa, nyuzi za ndani ya tundu zimeliwa zote. Najua dawa yake, unashusha giaboksi, unamwita fundi wa kuchonga vyuma aje na vifaa vyake, nyuzi zinatengenezwa upya. Lakini kuishusha mbele ya mkunga ni sawa na kutangaza kwamba mzee ameharibu. Basi nikakata vipande viwili vyembamba vya bati kutoka kwenye kopo la oili, nikavichomeka tunduni pamoja na bolti, nikakaza, zikashika. Zikashika mkononi, lakini mimi nalijua bati.

Jumatatu mkunga akapita, hakuzima hata injini, akasema gari linatetemeka kidogo akiachia klachi, labda ni ugeni wa giaboksi. Nikamwambia ndiyo mama, itazoea. Ona sasa, nimeongeza na uongo.

Na mzee naye tangu siku ile hainuki tena kukaza. Anakaa, na kila asubuhi swali lake ni moja, mkunga amepita? Nimeanza kumtazama. Kikombe anakishika kwa mikono miwili. Vifungo vya shati anafungiwa na mama mkwe. Mwezi uliopita alishika bomba la ekzosi likiwa bado la moto, akaliacha baada ya mimi kupiga kelele, siku ile nikacheka nikamwambia baba una mikono ya chuma. Nimemweleza mume wangu, akawaka, kwamba nisithubutu kumwaibisha baba yake aliyenifanya mtu. Mama mkwe simwezi.

Naomba unifundishe maneno. Mkwe aliyenitia spana mkononi nitamwambiaje kwamba mikono yake imekwisha? Nikisema, itaonekana nimepewa gereji kisha nikamfukuza aliyenipa. Nikinyamaza, kila siku namwona yule mama kwenye ule mlima.

Ni mimi, Mkwe Fundi

*

Mkwe Fundi, hukuweka namba ya simu, kwa hiyo nimemwomba mhariri awasogeze pembeni wachumba wa wiki hii na magomvi yao, jibu lako litoke kwanza.

Nakuonea huruma, na kweli nakuonea. Kumwambia mkwe neno zito si kazi ndogo, na mkwe mwenyewe amekubeba kuliko wengi wanavyobebwa na wazazi wao. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara imenikera mahali pale pale. Umeniandikia ukurasa mzima juu ya mkono wa mzee, bati ukalipitisha haraka haraka. Mzee aliharibu nyuzi kwa vidole visivyosikia. Wewe uliuficha uharibifu huo kwa vidole vinavyosikia vizuri sana. Mkono uliokufa ganzi ni wake, mwanangu, ule uliokata kopo ni wako. Halafu mwenye gari akaja kwako mwenyewe, akakuelezea dalili kwa mdomo wake, ukamwambia itazoea. Hapo mzee hakuwepo kabisa.

Heshima gani hiyo? Unamlinda mzee na aibu ya nusu saa, unamtafutia msiba wa kubeba maisha yake yote. Gari lile likimfia mkunga mlimani, watu watauliza nani alikaza, na wewe umeshaniambia jinsi wateja wanavyoijua kazi ya kukaza kuwa ni ya nani.

Tena mzee anajua. Mtu asiyejua haulizi kila asubuhi kama gari fulani limepita, wala haachi ghafla kazi aliyoipenda. Anasubiri mwenye gereji aseme, na mwenye gereji ni wewe, alikupa mbele ya watu. Kwa hiyo mume wako mwache na cherehani yake, hili halimhusu. Kaa na mzee nyinyi wawili tu, wateja wakiwa hawapo. Usimzungushe, usianze na sifa, atakustukia. Mwambie, "Baba, bolti mbili za juu ziliingia upande, mimi nikaziziba na bati. Nimekosa." Kosa lako litangulie, la kwake atalisema mwenyewe au hatalisema, usimkamue. Siku ya kuishusha giaboksi awepo, aone matundu yanavyotengenezwa, bolti zote uanze wewe kwa vidole na ukaze wewe.

Na ganzi hiyo si uzee wa kuchekewa. Mtu anayeshika bomba la moto asisikie anatakiwa aonwe na daktari wiki hii, apimwe sukari na mengine watakayoona. Hapo ndipo mama mkwe anaingia, maana anayefunga vifungo vile kila asubuhi ameogopa kabla yako. Mwambie akusaidie kumpeleka. Ukimya wenu wote watatu, wewe, mume wako na mama mkwe, umemcheleweshea matibabu.

Lakini hayo yote ni ya baadaye. Kwanza gazeti hili liweke chini umpigie mkunga, kabla hajatoka. Mwambie asiliwashe gari, utalifuata wewe na la kulivuta, na siku zote litakazokaa gereji wewe ndiye utakayemtafutia usafiri wa kumfikisha kwa wagonjwa wake. Atauliza kuna nini. Usimtaje mzee, usitaje ugeni wa giaboksi. Mwambie, "Bolti mbili hazijashika. Nilijua, nikakuacha uondoke." Utatamani kuyalainisha maneno. Sema hivyo hivyo.