Hatutamzika Kapiteni Zawadi

Dada yangu Mapendo,

Jana tuligombana kwa ajili yako, pale Kitshanga, nyuma ya duka la Papa Kambale, ambako bado tunatengeneza gazeti letu la hadithi za sayansi. Ni zile zile kurasa chache za fotokopi, tunazibana pini na kuzigawa kwa mkono mpaka Burungu.

Unamkumbuka yule bwana wa Goma aliyekuja kutufundisha uandishi? Alisoma ukurasa wako wa kwanza, wa Kapiteni Zawadi anayepeleka ng'ombe wa Masisi mwezini, akakunja uso. Akauliza, kwa nini hatuandiki vita? Watu wa nje wangetusoma! Ukamjibu, "Vita tunajua, Papa. Ngombe ku mwezi njo hatuyaona bado." Mpaka leo watu wa aina yake wanatudai machozi, na mpaka leo nawajibu kwa ukali kuliko wewe.

Hadithi yetu ilizunguka, kila mtu ukurasa wake, isipokuwa mimi wa tahariri. Sheria uliiweka wewe: aliyemtunga mtu ndiye peke yake anayeweza kumuua. Wengi wetu tulikuwa tumekimbia makwetu, hakuna aliyeuliza sababu ya sheria hiyo. Mwenzetu Innocent alipomuua fundi wa injini uliyemtunga, ulimsimamia mpaka akamfufua, sisi tukicheka.

Tangu homa ilipokuchukua, hakuna aliyethubutu kumgusa Zawadi. Jana Innocent akasema, "Mwenyewe alishaenda. Tumuzike naye, njo heshima."

"Heshima gani? Sheria unaijua!" nikamjibu.

"Basi weye umuandike! Ao unajua tu kutukana watu?"

Alinipata. Nimebishana kwenye karatasi maisha yangu yote, lakini mtu wa kubuni sijawahi kumpa uhai. Nikakaa, nikaandika: Zawadi anafungua mlango wa chombo, anawahutubia ng'ombe.

Innocent akasoma, akafuta. "Hapana, kaka. Huyu ni weye. Zawadi angewachokoza kwanza."

Nikakataa, akapandisha sauti, akaanza kuniigizia Zawadi anavyoongea na ng'ombe mkaidi. Yeye yule aliyetaka kumzika! Nikamwachia kalamu.

Anaishi, dada. Uliyekuwa na ruhusa ya kumuua ni wewe tu, na umeondoka bila kuitumia. Kwa hiyo atatuzika sisi sote.

Pumzika. Ugomvi uniachie mimi.

Mdogo wako