Mbegu Zetu Kwenye Barafu

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, mtaa wetu wa Laini Saba wote ni matope, na mimi nacheka peke yangu. Afadhali, maana jana nililia.

Miaka minne ya ndoa bila mtoto. Nimeenda kliniki peke yangu, nimepimwa mpaka nimechoka, naambiwa niko sawa. Bado mama mkwe akipiga simu kutoka ushago, kule kijijini, anauliza nangoja nini. Odhi, mume wangu, hakuwahi kupimwa. Kwao mwanaume hapimwi.

Mwezi jana akakubali, sijui nini kilimgusa. Akaambiwa afikishe mbegu zake maabara ndani ya saa moja. Sasa huyu ni mtu wa kuuza samaki kule mtaa wa Kongo, Kawangware, kazi yake ni kuzuia kitu kisioze. Si akafunga kichupa kwa gazeti, akakizika kwenye barafu kando ya tilapia! Dada wa maabara akamwambia, "Buda, hizi umeziua. Zinataka joto la mwili."

Mara ya pili nilibeba mimi, ndani ya sidiria. Nilitembea kama nimebeba yai.

Jana tukapewa majibu. Daktari alieleza polepole: mbegu huanza kutengenezwa mvulana akibalehe, wakati kinga ya mwili ilishajifunza zamani nani ni wa nyumbani. Kwa hivyo mwili huzificha, ili kinga isizione. Odhi aliumia vibaya hapo chini akicheza mpira akiwa kijana. Pengine ndipo kinga ilipoziona, na mpaka leo inazishambulia kama ugonjwa. Kuna njia za kusaidiwa, lakini ahadi hakuna.

Nililia. Nakiri, nusu ilikuwa uchungu, nusu ni kufurahi kwamba si mimi.

Niliona aibu.

Leo mama mkwe amepiga simu yangu. Kabla sijashika, Odhi ameichukua.

"Mama, shida iko kwangu. Akinyi yuko sawa, amekuwa sawa miaka yote. Ukitaka kuuliza, niulize mimi."

Kisha nikamsikia mama mkwe kwenye simu, "Nipe huyo msichana wangu."

Nilikuwa na maneno ya miaka minne tayari mdomoni. Yote yakanipotea. Tulilia tu, mimi huku, yeye kule, na Odhi akijifanya anatafuta viatu.

Mtoto akikosekana nitaumia sana, siwezi kudanganya hapa. Lakini mume nimepata, jamani. Nimepata kweli.