Mkeka wa Mama Yetu Fortunata Nanteza

Mama, ni mwaka mmoja sasa tangu tukulaze kando ya baba, pale kwenye migomba yako hapa Mbaga, na nyumba bado haijatulia. Wadogo zangu wamesema niandike mimi Eliufoo kwa kuwa ndiye mkubwa. Nitaandika kama yalivyo.

Ulikuja na baba yetu, Elinaza, vita vya Kagera vilipokwisha. Wanajeshi wenzake walirudi na redio. Baba mdogo Hezroni husema mpaka leo, "Kaka karudi na mwanamke wa Masaka na mche wa mgomba, akatuambia vyote viwili tuvishike polepole." Wewe ulisema ulimfuata. Baba alisema alikuchukua. Mlikuwa mkicheka nyote wawili, na mimi sijajua ni nani aliyesema kweli. Nilipokua nikakuuliza vizuri, ukanijibu, "Masaka ilikuwa imebomoka. Nyumba yetu pia. Menya ndizi."

Tunakumbuka magoti yako, salamu ya kwenu. Siku ya kwanza ulipompigia magoti bibi, mama yake baba, alidhani umeanguka kwa njaa, akakimbilia uji. Hukuacha. Ulipiga magoti uani, mlangoni pa kanisa, hata stendi ya Same kwenye tope, kwa sababu tu mzee wa watu amepita. Wanawake wa hapa walikucheka: "Huyu mkamwana atamaliza kanga zote kwa magoti." Walipougua ni wewe uliyewapandia mlima na ndizi zako za kuponda, zimefungwa kwenye majani, bado zinafuka.

Chasu, lugha yetu Wapare, ulikijua mpaka ukawa unatusahihisha sisi tuliozaliwa nacho. Chakula chetu cha kishumba ulikipika kama Mpare, ila kukisifu ulikataa.

Na ule ukali wako mlangoni. "Vua viatu, nimefagia!" Mchungaji alivua. Mwenyekiti wa kijiji alivua.

Sasa nije kwenye lililotuchanganya. Mwezi uliopita mdogo wako, mama mdogo Namukasa, alishuka kwenye basi la Kampala pale Same akiwa na furushi. Ndani yake mlikuwa na lubugo, ile nguo ya kwenu ya gome la mti. Hata hajamaliza chai akauliza, "Nani anakaa mahali pa dada?"

Tukamwambia hakuna. Umekufa.

Akatueleza. Kwenu Buganda mtu akifa, mmoja huvishwa nguo hiyo, hukalishwa mkekani, na tangu hapo ndiye yeye. Watoto wa marehemu humwita mama. Kwa desturi angekuwa binti wa kaka yenu, lakini kaka zenu vita havikuwabakiza. Akasema wewe mwenyewe ulimtaja kwenye simu kabla hujafa: Dorkas, binti yangu mimi.

Mimi nikasema hapana. "Huyu nimemzaa. Alipougua surua nimembeba mgongoni mpaka zahanati. Leo nimwamkie?"

"Basi," mama mdogo akasema, akaanza kukunja lile lubugo, "dada yangu amekufa kabisa. Nitaenda niwaambie hivyo."

Sikutaka neno hilo lifike Masaka. Na wewe, mama, kwa nini hukuniambia mimi? Tumekula sahani moja maisha yangu yote, jambo kama hili unampa mtu wa kwenye simu. Nilimwendea mchungaji. Akakuna kichwa, akasema kama hakuna kuchinjia mizimu yeye hana neno. Hezroni akasema, "Kubali wewe. Ukikataa nani atakugombeza?" Dorkas mwenyewe alikuwa anacheka ndani ya kanga: "Baba, nitakuwa mama mpole."

Nikawaacha wafanye. Lakini nilisema wazi kwamba kumwita mama, mimi sitamwita. Wakamkalisha kwenye mkeka wako, wakamvika lubugo, wakampa kisu chako cha kumenyea ndizi, kile kilicholika kikawa chembamba kama jani la kitunguu. Sikukaa kuangalia. Nilikwenda kukata majani makavu ya migomba, ambayo hata hayakuwa mengi.

Jioni nikarudi nina kiu, nikaingia moja kwa moja.

"Vua viatu, nimefagia!"

Nikavua. Viatu vilikuwa vimeshafika ukutani, mama, na shikamoo imeshanitoka mdomoni, ndipo nikaona ni Dorkas. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umekula?"

Mama mdogo akajifunika uso kwa mkono wa gauni. Hezroni alicheka kwa sauti, kisha akatoka nje, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Sielewi, mama. Asubuhi Dorkas ananiamkia kama baba yake, jioni namwamkia mimi. Mke wangu Naomi anasema tuamue moja, na mimi siwezi. Kaburi lako nalijua, udongo wake nimeutoa kwa mikono hii. Na ndani kuna mtu ananigombeza kwa ajili ya viatu, na akinigombeza nalala vizuri. Kama hivi ndivyo ulivyotaka, basi imekuwa. Kama sivyo, Namukasa atakujibu mwenyewe mtakapoonana.

Ibada ya kukukumbuka itafanyika hapa nyumbani Jumapili, watu wakitoka kanisani. Dorkas atapika ndizi. Ndugu na majirani mnakaribishwa, ila viatu mlangoni.

Unakumbukwa na mimi mwanao Eliufoo na Naomi, "mke wangu" kama ulivyopenda kumwita. Wanao Yonas na Justa. Shemeji yako Hezroni. Mdogo wako Namukasa wa Masaka. Wajukuu zako wote, na Dorkas, ambaye sijui nimweke kwenye mstari gani.

Daima tutakukumbuka, mama. Na tukikuita, yupo anayeitika.