Jibu Nililolikwepa Nyanungu

Bhoke, binti yangu,

Tangu asubuhi nimeianza barua hii mara tatu. Nainuka, nafika mlangoni nikishika ukuta, narudi. Daktari wa Bomani anasema moyo wangu umechoka na nisihangaike. Angejua.

Ghati wako ana miaka kumi na mmoja sasa. Anacheka kama wewe, mkono mdomoni. Ila hamwamkii mama mkwe wako, bibi yake aliyemlea. Anaamini yule bibi ndiye aliyekuzuia kujifungulia kwenye wodi mpya. Maneno hayo yalitoka kwangu. Niliyasema msibani mbele ya watu wote, na yule mama akainamisha kichwa tu.

Sikusema yaliyotangulia.

Wodi ilipokwisha kujengwa pale Nyanungu, mimi, mwalimu mstaafu, nilitumwa niwaeleze watu msaada wa kuijenga umetoka wapi. Mzee mmoja akasimama mkutanoni. "Mwalimu, kwetu sisi aliyetoa ng'ombe wa mahari ndiye mwenye mtoto. Hawa wageni wametoa jengo zima. Kesho watadai nini?"

Swali lilikuwa la maana, na jibu nilikuwa nalo: kule ng'ambo dereva na mpishi wanakatwa kodi, serikali yao inatenga sehemu kusaidia nchi nyingine, na hakuna mtoto wa mtu anayedaiwa. Lakini jua lilikuwa kali, na mimi nilitaka kupendwa. Nikasema, "Mzee, watakaozaliwa mle tutawapeleka ng'ambo, kwa wenye ng'ombe wao!"

Wanaume walicheka wakashika mbavu. Wanawake hawakucheka. Mama mkwe wako alikaa mstari wa mbele.

Uchungu ulipokushika, aliogopa kunyang'anywa mjukuu. Akakufungia ndani, akaita wakunga wa kijiji. Ghati alitoka mzima; wewe damu haikukatika, ukatutoka. Alimwamini nani? Aliniamini mimi, msomi.

Baadaye nilizunguka mpaka Nyambureti nikieleza vizuri, bila mzaha. Nilieleza kodi, nilieleza dawa, nilieleza wauguzi waliosomeshwa kwa msaada uleule. Wanawake wakaenda, wakarudi na watoto wao mgongoni, na hakuna aliyekuja kuwadai. Watu wananishukuru hadi leo. Kila asante inanichoma, mwanangu. Msaada ule ulikuwa wa kweli. Ungekufaa wewe kabla yao wote.

Jumamosi nimewaita hapa Ghati na bibi yake. Nimeogopa kwa miaka kumi na mmoja, na sasa naogopa nisifike hiyo Jumamosi. Kwa hiyo naahidi hivi: nitasema mwenyewe, na pumzi ikinikatika, Ghati ataisoma karatasi hii kwa sauti, bibi yake akisikia. Ghati akinichukia mimi, ni haki yake. Yule mama amebeba kosa langu vya kutosha.

Pumzika, Bhoke. Nikifika huko usinikimbilie kunipokea. Simama kwanza, nikuombe msamaha.

Baba yako