Foleni ya Kyoto

Baba Zuhura,

Nakusalimu kutoka Kyoto, mzima wa afya isipokuwa miguu. Leo binti yako alinipeleka kutazama hekalu, na foleni ya watalii ilifika hadi barabarani. Jua lilikuwa kali, nikaanza kuona kizunguzungu. Zuhura, ambaye hapo nyumbani Wheaton, Marekani, tukimsemesha Kiswahili hujibu Kiingereza, akaniambia, "Mama, kaa kivulini, nitakushikia nafasi." Nikamuuliza Kiswahili hicho kimetoka wapi. Akacheka, akasema Kiswahili amekionea hamu.

Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Baba bado ana hasira kwamba nilikuja kufundisha huku?"

Nimemwambia akuulize mwenyewe. Atapiga simu Jumapili asubuhi. Tafadhali mume wangu, ipokee wewe.

Mungu akuhifadhi hadi nirudi.

Mkeo, Mama Zuhura