Mfereji Aliouchimba Mama Yako

Nyemo binti yangu,

Salamu za nyumbani shangazi yako ameshakupa kwa simu, kwa hiyo sitazirudia. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, kisha nikamwomba mwalimu wa shule yetu ya kijiji aichape na kuiweka mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuisoma. Usikasirike. Wewe pia uliandika habari zangu mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzisoma, na hukuniambia.

Nakumbuka siku uliyorudi. Kilikuwa kiangazi kikali, upepo unapeperusha vumbi jekundu mpaka ndani ya vyungu. Ulishuka kwenye bodaboda na begi moja na mabuti mapya ya mpira. Mimi nilikuwa natengeneza zizi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kwa siku ngapi?"

"Nimerudi, baba. Masomo ya darasani nimemaliza. Nataka tulilime hili shamba letu vizuri, litulishe kwa akili na si kwa kusukuma tu jembe."

Nilicheka. Ilikuwa imepita miaka mitatu tangu mama yako, marehemu Yudita, atutoke, na katika miaka hiyo nilikuwa nalima ekari nane za mtama na alizeti na kuvuna za mbili. Sikujua kwamba baada ya masomo ya darasani kunabaki kazi ya kuandika. Nilisikia neno moja tu: umerudi. Jumapili ile nilisimama kanisani nikawaambia watu kwamba binti yangu amerudi nyumbani kulima na mimi. Wakapiga vigelegele. Baba yako mdogo alikuwa amekubali tuunganishe nguvu, tulime pamoja shamba lake na langu. Nikamwambia hakuna haja tena, mwenzangu yupo.

Sitaki nionekane nasema uongo, kwa hiyo nitayasema na yale uliyonishinda kwa haki. Uliponiambia tuache ekari tano zipumzike, majani yaote ng'ombe wale, na nguvu zote tuziweke kwenye ekari tatu, nilikataa. Nilinuna wiki nzima. Nilikuuliza umewahi kuona Mgogo anayepunguza shamba kwa hiari yake. Ukanijibu taratibu, ukiwa umechuchumaa unapepeta uwele, "Baba, hizi nane zinakulima wewe." Tukabaki na tatu, na mwaka ule nilivuna kuliko nilivyovuna tangu niwe mjane.

Na alizeti ilikuwa akili yako. Zamani nilikuwa namuuzia mchuuzi magunia hapa hapa mlangoni, yeye ndiye anapanga bei. Wewe ukasema tuipeleke wenyewe Kizota ikakamuliwe. Tukarudi na madumu ya mafuta na viroba vya mashudu. Mafuta ukawapelekea wafanyakazi wa serikali kule Miyuji, nyumba kwa nyumba, mpaka wakawa wanakupigia simu wenyewe. Mashudu tukawalisha kuku, mayai yakaenda Nkuhungu kwa mama mmoja mwenye duka, na samadi ya kuku ikarudi shambani. Nilikuwa najiambia, huyu mtoto hakusoma bure. Kila kitu kinachotoka hapa kinaacha kitu nyuma yake.

Sasa nifike kwenye mfereji.

Ulikuwa darasa la pili mama yako alipouchimba. Mvua za Dodoma unazijua, zinakuja chache na zinakuja kwa hasira. Maji yalikuwa yanateremka kutoka kwenye mlima wa mawe nyuma ya nyumba, yanachukua udongo wetu na kuacha makorongo. Watu wote hukimbilia ndani mvua ikianza. Mama yako alikuwa anatoka. Alijifunika kiroba kichwani, akatembea kwenye mvua akichomeka vijiti kila maji yalipopita. Majirani walidhani amechanganyikiwa. Hata mimi nilimwita aingie ndani, na nilimwita kwa ukali. Mvua ilipokatika akachukua jembe akaanza kuchimba kwa kufuata vijiti vyake, kutoka mlimani kuja shamba la chini. Alichimba kiangazi chote. Wewe ulikuwa unabeba udongo kwa beseni la bluu, mikono ikakutoka malengelenge, ukalia, akakupaka mafuta ya kupikia na kukuambia upumzike. Hukupumzika.

Uliporudi, mfereji ulikuwa umejaa mchanga. Mimi ndiye niliyeuacha ujae, kosa hilo ni langu. Ukanunua mpira mweupe unaoonyesha maji ndani, ukapima mteremko siku mbili, mimi nimeshika ncha moja na wewe nyingine. Tulipomaliza kuweka alama, tukakuta alama zako zimepita pale pale kwenye mfereji wa zamani, isipokuwa pembeni kidogo karibu na mbuyu uliokatwa. Ukakaa chini ukaangalia kwa muda mrefu. Kisha ukasema, "Mama alikuwa mhandisi." Nilikusikia kwa masikio yangu. Nililala nimefurahi siku hiyo kuliko siku niliyokuona umevaa joho la digrii ya kwanza.

Tukauzibua, tukaurefusha, tukachimba lambo mwisho wake. Msimu uliofuata maji yalikaa mpaka mboga zikaota kiangazi. Msimu wa pili ukaniaga kwamba unakwenda chuoni mara moja, utarudi wiki ijayo. Hukurudi. Shangazi yako ndiye aliyeniambia kwamba umepata kazi kwenye shirika fulani Arusha, na kwamba ulikuwa umeitafuta muda mrefu. Mabuti yako nilikuta umeyaosha na kuyageuza juu chini nyuma ya jiko. Nikaelewa kwamba ulijua unaondoka wakati unayaosha.

Hilo nilikusamehe. Watoto wanaondoka, na kazi ni kazi. Nilimrudia baba yako mdogo, nikaomba radhi, akanipa mkono.

Mwaka mmoja baadaye likaja basi dogo la wanafunzi na mwalimu wao. Binti mmoja mwenye miwani alinisalimu kwa heshima na kuniambia wamesoma sana habari za shamba hili. Alikuwa ameshika karatasi nyingi zimebanwa pamoja. Nikamwomba anisomee, akawa anasoma kwa Kiingereza na kunigeuzia kwa Kiswahili.

"Mwenye shamba, mkulima mwenye elimu ya msingi, hakuwa tayari kubadilika." Akaniangalia.

"Endelea, mwanangu."

"Mtafiti alibuni mfereji wa kukinga maji kutoka mlimani, akausanifu na kusimamia uchimbaji wake."

"Mtafiti ni nani?"

"Ni binti yako, mzee."

Nikamuuliza kama kuna mahali mama yako ametajwa. Akapekua mbele na nyuma, maskini, anatafuta kwa bidii kama vile kosa ni lake. Akasema labda kwenye shukrani. Huko akakuta umemshukuru msimamizi wako, na chuo, na wenzako wa darasani, na "mwenye shamba kwa kutoa eneo la utafiti."

Mwenye shamba, kwa kutoa eneo. Nyemo, hata neno baba halikuwemo.

Nilikupigia. Unakumbuka tulivyozungumza. Ulisema ule ni utaratibu wa chuo, mtu haandiki kwamba mama alisema.

"Kwa nini haandiki?"

"Hakuna chanzo, baba. Kila kitu lazima kiwe na chanzo."

"Mimi nilikuwepo. Na wewe ulikuwepo, umebeba udongo."

Ukasema nisilichukulie hivyo, uko kikaoni, utanipigia. Hukupiga. Ulinitumia vocha.

Nataka ujue nilichofanya baada ya pale, ingawa sijivunii. Msimu ulipoanza nilichukua ekari moja kati ya zile tatu nikaipanda mtama kwa kumwaga, kama zamani, bila kamba, bila nafasi, bila samadi. Nilitaka shamba lionekane kana kwamba wewe hujapita hapo. Mtama uliota kama nywele za mgonjwa. Baba yako mdogo alikuja akasimama, akaangalia huku na huku, akaniuliza, "Kaka, unamkomoa nani?" Siku ile ile niling'oa uliosongamana nikaanza kuupanga upya, nimeinama mpaka kiuno kikaniuma, kwa sababu aliyeadhibiwa pale alikuwa tumbo langu.

Shamba sasa linakwenda vizuri. Alizeti bado tunapeleka Kizota, mimi na baba yako mdogo, gari moja kwa mashamba mawili. Wateja wako wa Miyuji bado wanauliza habari zako. Nawaambia hujambo.

Wageni nao bado wanakuja. Mwanzoni nilitaka kuwafukuza. Sasa nawapokea, lakini siwaanzishi kwenye kuku wala kwenye lambo. Nawapeleka kwanza juu mlimani, maji yanapoanzia, nawaeleza habari ya vijiti na mvua. Wiki iliyopita kijana mmoja alitoa kalamu akaniuliza, "Mzee, kwa hiyo tuandike nani alibuni?" Nikamtajia jina la mama yako herufi moja moja, nikasubiri amalize, nikamwomba anionyeshe alivyoandika. Alikuwa amekosea herufi moja. Nikamrekebisha.

Ninachoona ni kwamba ulituuza, mimi na mama yako, na wala hukuwa na shida ya kutuuza. Cheti ungekipata hata ungesema kweli. Hicho ndicho kinachoniamsha alfajiri kabla ya jogoo, kwamba hakuna aliyekulazimisha.

Sikuombi urudi kulima. Nakuomba uwaandikie hao wa chuo, uwaambie mfereji ule ulichimbwa na mama yako mzazi, na kwamba wewe unajua kwa kuwa ulikuwepo. Wakikuuliza chanzo, wape namba yangu. Ukishafanya hivyo, nipigie. Usipofanya, basi uendelee kumsalimia shangazi yako, salamu zitanifikia.

Nakuacha na afya njema na kazi njema.

Baba yako